Barua Sita, Redio Moja

Grace alinipigia simu asubuhi, nikiwa kazini Nairobi, akanieleza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kupiga simu nyingi siku hiyo kwamba mama yake amefariki, na kwamba namba yangu ameikuta kwenye daftari la marehemu, imeandikwa "Nekesa wa duka". Hakunifahamu. Mara ya mwisho nilipokuwa naye alikuwa na miaka miwili, amekaa ndani ya karai la plastiki akitafuna kijiko. Nilimpa pole, nikamwambia nitakuja Juba, na nilipokata simu nikafanya kile ninachokifanya kila ninapopokea habari: nikavuta karatasi nikaandika nani, nini, lini, wapi. Nilipofika kwenye "kwa nini" mkono haukusimama, ila ulikuwa umekwisha kuacha habari ya kifo cha Keji na kuingia kwenye mwaka mmoja ambao sijawahi kuusimulia mahali popote, hata kwenye zile hotuba ninazoalikwa kuwapa wanafunzi wa uandishi wa habari wanapotaka kujua nilivyoipata kazi yangu. Huwa nawaambia nilianzia kwenye duka la kuchapa barua. Hilo ni kweli, na huwa naishia hapo.

Duka lilikuwa Juba, mtaa wa Atlabara, hatua chache kutoka njia ya kwenda chuo kikuu: chumba kimoja cha mabati kilichopakwa rangi ya samawati, kompyuta mbili, mashine ya fotokopi iliyofunikwa kitambaa cha mezani kwa sababu ya vumbi, na nje jenereta iliyofungwa kwa mnyororo. Mwenye duka alikuwa Mganda ambaye hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa baba wa mapacha, na kwao baba wa mapacha huitwa Salongo, basi na sisi tulimwita hivyo. Tulichapa barua za kuomba kazi, barua za kuomba ruhusa, mialiko ya harusi, malalamiko kwa wenye nyumba. Mteja alikaa kwenye kiti cha plastiki pembeni yangu, akasema shida yake kwa Kiarabu cha Juba au Kiswahili cha Kampala, nami nikaigeuza kuwa Kiingereza cha ofisini. Salongo alikuwa na utaratibu wake, na nadhani kila duka la aina hiyo lilikuwa nao. Kwenye kompyuta palikuwa na kabrasha lililoitwa MAMA. Barua ikitoka nzuri, iliwekwa humo, na barua zote za aina hiyo zilizofuata zilizaliwa humo: unaifungua, unabadilisha jina, unabadilisha tarehe, unachapisha. "Nyabo," aliniambia, yaani bibie, wiki yangu ya kwanza, nilipokuwa nikihangaika na barua ya fundi bomba, "mtu iko hapa nangoja, jenereta nakunywa mafuta, na wewe unataka kuanza na karatasi tupu? Fungua MAMA." Hakuna aliyeona ubaya. Wateja wenyewe waliomba hivyo: nipe kama ile uliyompa binamu yangu, ile iliyompatia kazi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na nilidhani kipaji changu ni kasi ya vidole. Kumbe kilichonifanya niamke mapema na kufagia duka kabla Salongo hajafika kilikuwa kile kiti cha plastiki. Dereva alikuja kuomba kazi ya udereva, mimi nikamuuliza ni wapi alijifunzia, akasema kwenye lori la mjomba wake lililokuwa halina breki, nikamuuliza sasa lilisimamaje, na baada ya nusu saa nilikuwa najua habari za mjomba, za mlima, za shimo la mchanga walilolichimba makusudi chini ya mlima, na barua ilikuwa bado ina mstari mmoja. "Huyu nakuja kwa barua, siyo kwa kuungama," Salongo alikuwa akifoka. Sikujua kwamba nilichokuwa nakifanya kina jina na kina mshahara. Aliyenionyesha alikuwa Keji, mama chai wetu.

Keji alikuwa amefunga turubai ukutani mwa duka, na chini yake aliweka jiko la makaa, birika tatu, na kibao cha kusukumia chapati. Alikulia kwenye kambi ya wakimbizi Uganda, akarudi nyumbani akiwa mwanamke mzima mwenye mtoto, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko, kisichojali kanuni yoyote. Asubuhi alitupikia ful, yale maharage makubwa aliyoyasaga kidogo kwa kitako cha chupa na kuyamwagia mafuta ya simsim, kitunguu kibichi juu. Mchana ilikuwa kisra, mkate mwembamba wa mtama, na kombo, mboga yenye njugu. Na muda wote huo aliongea. Sijawahi kukutana na mtu aliyeongea kama Keji. Shangazi yake aliuza samaki wakavu kwenye bandari ya mto, kwa hiyo kila alipotoka kuwachukua alirudi na habari za mto: jahazi gani la mizigo limekwama mchangani, nahodha gani amekutwa na wake wawili wakimngojea gati moja, mbuzi yupi ameruka majini na nani aliruka kumfuata. Aliiga sauti zote, pamoja na ya mbuzi. Kisha alishika upawa kama kipaza sauti, akabadilisha sauti yake ikawa nzito na ya taratibu, akatusomea habari hizo kama mtangazaji. Wanafunzi wa chuo walichelewa darasani kwa ajili yake. Ukuta wa mabati haukuzuia kitu, na mimi niliyekuwa ndani nikichapa nilikuwa nikiyaacha maneno ya mteja wangu na kusikiliza ya Keji.

"Mama Grace, wewe ungefaa redioni," nilimwambia siku moja.

"Mimi? Nani atapika chai ya mtangazaji?" Akacheka, halafu hakucheka tena. "Lakini ukweli, Nekesa, mimi iko nafikiria hii kitu kila siku. Wewe hapana cheka."

Ndipo lilipokuja lile tangazo. Redio moja ndogo, yenye ofisi zake mtaa wa Hai Amarat, ilitaka watu wawili wa kufundishwa kazi ya uandishi wa habari, wajue Kiarabu cha Juba au Kiswahili, cheti si lazima. Waombaji walete barua inayoeleza kwa nini wanaitaka kazi hiyo. Keji aliling'oa ukutani akaja nalo mzimamzima, gundi ikiwa bado mbichi, akaketi kwenye kile kiti akiwa na unga mikononi. Nikamuuliza, kama nilivyomuuliza kila mtu: kwa nini? Akaniambia kwamba kambini kwao mstari mzima wa nyumba ulikuwa na redio moja, ya baba yake. Jioni yalisomwa majina ya watu wanaotafutwa na ndugu zao. Betri zilikuwa kuukuu, walizianika juani mchana kutwa ili zipate nguvu kidogo, na mara nyingi zilikufa katikati ya jina. "Sasa baba nasema: Keji, kimbia! Mimi nakimbia mstari ya pili, huko iko redio ingine, nasikia hiyo jina yote, narudi nayo. Lakini njiani iko watoto, iko mbwa, unaweza kusahau. Kwa hiyo mimi naisema njia yote, naisema, naisema, mpaka nafika kwa baba. Siku moja niliangusha jina moja. Nilirudi kuitafuta, lakini walikuwa wamepita." Alinitajia na majina, mawili matatu aliyoyakumbuka, na lile la mtu mmoja wa mji wa Kajo Keji ambaye ndugu yake alikuwa amekaa palepale, karibu na baba yake, akingoja. Majina niliyaacha nje, barua ilikuwa inarefuka. Yale mengine yote niliyaweka, katika Kiingereza chepesi kuliko chochote nilichowahi kuandika, na nilipomaliza kumsomea kwa kumgeuzia Kiswahili, Keji alijifuta macho kwa kiwiko. Mimi pia nilikuwa na furaha, na furaha yangu ilikuwa na kasoro ambayo sikuiona: nilidhani aya ile ni yangu.

Salongo aliisoma akiwa amesimama, akapiga ulimi. "Hii barua inalia," alisema. "Weka MAMA."

Nikaiweka. Tangazo lilikuwa limebandikwa kuta nyingi, na kufikia siku iliyofuata wanafunzi walikuwa wanasimama mlangoni. Wa kwanza nilimuuliza kwa nini anaitaka kazi hiyo, akasema anataka kazi. Salongo akanisemesha kutoka kwenye fotokopi bila kugeuka: "Huyu na yeye mpe ya Mama Grace." Nikaifungua, nikabadilisha jina. Wa pili alikuwa mvulana, nikamfanya mtoto wa kiume anayekimbia. Wa tatu nikambadilishia kambi. Kwa siku tatu niliwatuma watoto watano kukimbilia redio ya mstari wa pili, na Keji alikuwa nje ya ukuta, hatua tatu kutoka kwangu, akiwamiminia chai watu hao hao wanaosubiri barua zao. Nimejaribu mara nyingi kumlaumu Salongo. Nimejaribu pia kuulaumu utaratibu, kwa sababu kweli ndivyo tulivyofanya kazi na hakuna barua iliyokuwa ya mtu. Lakini kila nilipochapisha nakala nilikuwa naigeuza uso chini mezani, na hicho sikuwa nimekifanya kwa barua yoyote ya fundi bomba.

Siku ya mwisho ya kupokea maombi nilikaa peke yangu dukani, Salongo amekwenda kununua karatasi, nikaandika ya kwangu. Niliifungua kwenye ukurasa mtupu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine: nilijua vizuri kabisa kwamba barua itakayotoka MAMA haitafika mbali, na niliijua hatari hiyo kwa ajili yangu tu. Niliandika kuhusu kile kiti cha plastiki, na mambo ambayo watu huyaacha wanapoeleza maisha yao kwa mtu anayechapa. Kisha nikazichukua bahasha mbili, yangu na ya Keji, nikapanda bodaboda hadi Hai Amarat nikazipeleka kwa mkono wangu. Keji alikuwa amenipikia chapati mbili za njiani.

Wiki iliyofuata orodha ya walioitwa ilibandikwa kwenye geti la redio. Nilikwenda mimi, yeye alikuwa na wateja. Jina langu lilikuwepo. La kwake halikuwepo, na nililitafuta mara mbili kutoka chini kwenda juu. Nilimwambia jioni, akasema, "Khalas, basi. Wewe nenda kwa sisi wawili," akanifungia kitenge chake kizuri kwenye mfuko ili nikivae siku ya usaili.

Nilikivaa. Ofisi ilikuwa ndani ya kontena lenye kiyoyozi kilichodondosha maji ndani ya ndoo, na nyuma ya meza alikuwepo mama mmoja wa makamo, mkuu wa kituo, miwani imening'inia kifuani. Kila mtu alimwita Madam. Aliniuliza maswali machache, kisha akafungua droo, akatoa barua sita akazipanga mbele yangu kama karata.

"Umeandika kwamba unafanya kazi kwenye duka la kuchapa," alisema. "Basi wewe ni mtaalamu. Soma hizi."

Sikuhitaji kuzisoma. Nilijifanya nasoma.

"Zinafanana, Madam."

"Watoto sita, redio moja. Nimecheka, halafu nikakasirika. Zimetoka wapi?"

"Atlabara kuna maduka mengi."

"Najua." Alivua miwani kutoka kwenye uzi akaisafisha kwa ncha ya kitambaa. "Sasa jifanye tayari ni mwandishi wangu. Jambo hili lilimtokea mtu, mtu mmoja, huwezi kulitunga. Utamjuaje mwenyewe?"

Nilijibu bila kufikiri, na ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu nilipohisi kwamba kitu ninachokipenda na kitu ninachoulizwa ni kimoja. "Ningewaita wote sita," nilisema, "nikamuuliza kila mmoja peke yake: ni jina gani ulilokuwa umelibeba? Watano watatunga haraka. Mwenyewe atakutajia majina, na atakutajia moja aliloliangusha."

Madam alitabasamu, akaandika kitu kwenye karatasi iliyokuwa na jina langu. "Hilo ndilo swali," alisema. "Hilo hasa." Akazikusanya barua zile.

"Utawaita?" niliuliza.

"Muda huo sina, binti yangu. Mtu akiniletea barua ya kunakili, simwiti. Labda wewe unamjua?"

Maji yalikuwa yanadondoka ndooni. Nimekwisha kuwahoji mawaziri, wezi, na watu waliotoka kuzika siku hiyo hiyo, na ninajua kimya cha mtu anayekumbuka na kimya cha mtu anayehesabu. Changu kilikuwa cha kuhesabu. Nikisema namjua, atauliza nimemjuaje. Nikisema nimemjuaje, barua yangu itaungana na zile sita.

"Hapana, Madam," nilisema. "Simjui."

Nilianza kazi mwezi huohuo. Nilijifunza kushika kinasa sauti bila kutingisha waya, kukata mkanda, kuuliza swali la pili. Nilitumwa bandarini, na habari yangu ya kwanza kwenda hewani ilikuwa ya jahazi lililokwama mchangani. Sikumuuliza Keji angeisemaje, lakini niliisema kama yeye, na Madam akanisifu kwamba nina sauti ya mtu anayependa watu. Siku iliyofuata, Jumapili mchana, Keji alikuja kwenye chumba changu amebeba Grace mgongoni na sufuria kichwani. Alikuwa amepika samaki mkavu kwa njugu, ugali wa asida pembeni, chakula cha sherehe. Alikuwa amenisikiliza, na majirani zake wote aliwaita wasikilize. Tulikula kwenye mkeka, kwa mkono, Grace akipewa vipande visivyo na miiba. Alinisimulia jinsi nilivyosikika. Aliniiga, na aliniiga vizuri kuliko nilivyosema. Kisha akaacha kula.

"Nekesa, wewe sasa iko ndani. Wewe najua hao watu wanataka nini." Alikuwa akimfuta mtoto mdomo, hakunitazama. "Niambie ukweli kama sista. Barua yangu ilikuwa na makosa wapi?"

Nafasi ile ilikuwa pana. Hapakuwa na Madam, hapakuwa na Salongo, palikuwa na sisi wawili na mtoto asiyejua kusema. Ningeweza kusema barua yako haikuwa na kosa hata moja. Ningeweza kumwambia arudi pale mwenyewe, bila karatasi, akawatajie majina. Na kweli nilifungua mdomo kwa nia hiyo. Lakini mkono wangu ulikuwa ndani ya sufuria yake, na aliyesema alikuwa yule Nekesa mwingine, wa kwenye kontena.

"Ilikuwa ndefu," nilimwambia. "Redio hawapendi mtu mwenye maneno mengi, Mama Grace."

Alitikisa kichwa polepole, kama mgonjwa anayekubaliana na daktari. "Kweli," alisema. "Mimi naongea sana. Hata baba alikuwa nasema." Akanisogezea kipande kikubwa cha samaki, na mimi nikakila.

Niliondoka Juba mwaka uliofuata, kwenye kazi kubwa zaidi. Tulitumiana salamu, Krismasi, na pale mji ulipoharibika kwa vita nilimpigia simu kila siku mpaka nikampata. Hakuwahi kuniuliza tena juu ya redio. Nilisikia amefungua hoteli ndogo ya chakula Hai Amarat, kwamba ful yake wanaijua hata madereva wa kutoka Mombasa.

Nilifika siku ya tatu ya msiba. Uwanja wa nyumba yake ulikuwa umejaa viti vya plastiki na mikeka, wanawake wa kanisani wamevaa vitambaa vyeupe kichwani, birika kubwa zikizunguka. Mchungaji alisema marehemu alikuwa mama wa vitendo, mtu mkimya, ambaye hukupata neno lake mpaka umuulize mara mbili. Watu wakaitikia. Nilizitazama nyuso moja moja, nikingoja mtu atabasamu, nikingoja mtu mmoja akunje uso kwa kushangaa. Hakuna. Sisemi kwamba maneno yangu machache juu ya mkeka yalimnyamazisha mtu maisha yake yote. Juba ilikuwa na sababu nyingine nyingi za kumfanya mwanamke anyamaze. Lakini kabla ya Jumapili ile hakuwa hivyo, na siku ile nilikuwepo.

Jioni watu walipopungua nilimwomba Grace tukae pembeni. Ni mwalimu, mrefu kuliko mama yake, mikono ileile. Nilimweleza kwa mpangilio, kama ninavyojua kueleza: turubai, upawa, habari za mto, barua, MAMA, wale watano, Madam na swali lake, sufuria, na jibu langu. Sikujitetea popote. Nilitazamia ataondoka, au atanifukuza, na nilikuwa tayari kwa yote mawili. Labda hata nilikuwa nimeyafuata. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Ngoja, Auntie. Rudi nyuma kidogo. Unasema mama alikuwa anaongea?"

"Tangu asubuhi mpaka tunafunga duka."

"Na anaiga watu?"

"Watu, na mbuzi. Wanafunzi walichelewa darasani."

Aligeuka akatazama mlango wa chumba cha mama yake, ambako wanawake wawili walikuwa wakikunja nguo za marehemu.

"Mimi sikuwahi kumsikia," alisema.